Kusimika Maegesho Mazuri ya Baiskeli Mitaani Tanga

Tanga ni tambarare, na baiskeli ni chombo cha kila siku. Fundi anaipanda na kikapu cha vifaa, muuza samaki anafunga tenga kwenye karia, mwanafunzi anapakia mwenzake. Shida huanza mtu akishafika. Pita Ngamiani saa 4 asubuhi, barabara yoyote kati ya zile za namba, utaona baiskeli zimefungwa kwenye nondo za madirisha, nguzo za umeme na mashina ya miarobaini, na nyingine zimesimama kwa stendi zake katikati ya njia ya waenda kwa miguu. Mwenye duka anakasirika, mzee mwenye fimbo anajikwaa, na mwenye baiskeli ananunua huku jicho lipo nje.

Mwongozo huu ni wa kamati za masoko, viongozi wa mitaa, wenye maduka, wasimamizi wa shule na nyumba za ibada, pamoja na mafundi watakaopewa kazi. Maegesho yanafaulu kwa mambo mawili: chuma kishike fremu ya baiskeli badala ya gurudumu, na kiwe mahali ambapo mtu angeiacha baiskeli yake hata kama chuma kisingekuwepo. Ukikosea moja kati ya hayo, utakuwa umepanda vyuma vya kuanikia nguo.

Hesabu kwanza

Zunguka eneo lako siku tatu: siku ya kawaida, Ijumaa, na siku ambayo biashara huchangamka zaidi hapo. Kila siku hesabu mara tatu, saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni. Kwa kila baiskeli andika imefungwa kwenye nini, iko umbali gani kutoka mlango aliouendea mwenyewe, na kama ina mzigo. Chora mchoro wa mkono wa eneo na tia nukta kila ulipoona baiskeli. Nukta zitajikusanya zenyewe sehemu mbili tatu, na hapo ndipo pa kuchimba.

Chukua hesabu iliyo kubwa kuliko zote, kisha ongeza robo. Mkihesabu baiskeli 27, ongeza 7 zifike 34. Chuma kimoja kinachukua baiskeli mbili, moja kila upande, kwa hiyo mnahitaji vyuma 17. Ile robo ina kazi yake: maegesho yaliyojaa muda wote humrudisha mtu dirishani, na akisharudi huko hatazami tena kama nafasi imepatikana.

Vyuma 17 usivirundike sehemu moja. Sita hapa, sita kule, vitano karibu na mlango wa pili ni bora kuliko mstari mmoja mrefu mwisho wa uwanja. Mtu anayeingia sokoni kununua fungu la mchicha hatatembea mita 60 kurudi kwenye baiskeli yake. Kwa mahali pa kuingia na kutoka haraka, vyuma viwe ndani ya mita 15 kutoka mlangoni. Kwa mahali pa kushinda kutwa, kama ofisini, shuleni au stesheni, mtu anakubali kutembea zaidi kidogo, ila anadai kivuli na usalama.

Umbo: bomba la U iliyopinduliwa

Umbo lililothibitika ni bomba moja lililokunjwa kama herufi U, likapinduliwa, miguu yote miwili ikachimbiwa ardhini. Uingereza huliita kwa jina la mji wa Sheffield. Hapa tutaliita U tu.

Uzuri wake ni kwamba baiskeli inaegama kwenye bomba urefu wote wa fremu na kushikwa sehemu mbili, mbele na nyuma, hivyo haizunguki wala haianguki. Mwenyewe anapitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu kwa pamoja. Inafaa Phoenix ya bomba la juu, baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu, ya mtoto na ya gia.

Umbo la kuepuka ni lile la vyuma vifupi vilivyopangwa kama meno ya kitana, ambamo gurudumu la mbele linachomekwa. Fundi hulipenda kwa kuwa linatumia chuma kidogo, na kwenye karatasi linaonekana kubeba baiskeli nyingi. Tazama kinachotokea. Baiskeli yenye madumu mawili ya lita 20 ina kilo 40 za maji nyuma, na kinachoishika ni sentimita chache za rimu ya mbele. Mtu akiigusa kwa bega, uzito wote unalala upande, rimu inabanwa kati ya meno mawili, spoku za upande mmoja zinalegea na nyingine zinakazika. Mwenyewe akipanda anasikia breki inagusa na kuachia kila mzunguko. Rimu imepinda, na kuinyoosha ni kazi ya fundi. Isitoshe, kufuli linashika gurudumu tu: mwizi mwenye spana anafungua nati mbili, anaondoka na baiskeli na kukuachia gurudumu. Watu huligundua hilo upesi, wakaacha kutumia kitana, halafu wakubwa wakasema wananchi hawataki maegesho.

Epuka pia vyuma vya mawimbi, bomba refu linalopanda na kushuka kama nyoka. Kila baiskeli inashikwa sehemu moja tu na kuyumba. Watu huishia kuegesha kwa ubavu wake, na chuma kilichosemwa kinabeba baiskeli saba kinabeba mbili.

Vipimo vya U moja

Bomba liwe la chuma lenye zinki, GI ya inchi moja na nusu, ambalo nje lina kipenyo cha karibu milimita 48. Jembamba zaidi hukatwa kirahisi, na nene kupita milimita 60 halipiti kwenye kufuli la umbo la U ambalo baadhi ya watu wanalo. Unene wa ukuta usipungue milimita 3. Dukani usikubali kuambiwa "zito" kwa mdomo, pima kwa vernia, kifaa cha kupimia unene, kwenye ncha iliyokatwa. Karibu na bahari, na hasa kwenye soko la samaki la Deep Sea ambako maji ya samaki yenye chumvi hutiririka kutoka kwenye matenga, nenda milimita 4.

Urefu juu ya ardhi ni sentimita 75, upana kutoka mguu hadi mguu sentimita 80, na kina ndani ya zege sentimita 30. Kona zikunjwe kwa mviringo wa nusu kipenyo cha sentimita 15 hadi 20. Kwa vipimo hivyo U moja inakula karibu mita 2.77 za bomba. Kata vipande vya mita 2.8, kunja, kisha sawazisha miguu. Bomba moja la mita 6, au hata la mita 5.8, linatoa U mbili.

Usikubali kona za kukata na kuchomelea. Hapa tunasisitiza kwa sababu ndipo kazi nyingi za pwani zinapoharibikia. Zinki ndiyo inayolinda chuma dhidi ya hewa ya chumvi, na moto wa kuchomelea huiunguza sentimita kadhaa kila upande wa kiungo. Kutu inaanzia hapo hapo, maji ya mvua yanaingia ndani ya bomba kupitia matundu madogo ya kiungo, na bomba linaoza kutokea ndani huku nje rangi ikiwa bado inang'aa. Bomba lililokunjwa kwa mashine ya kukunjia mabomba halina kiungo juu, na maji hayana pa kuingilia. Kukunja kwa moto nako kunaunguza zinki, kwa hiyo tafuta karakana yenye mashine ya haidroli. Baada ya kukunja, kagua upande wa nje wa kona: zinki ikiwa imepasuka nywele nywele, paka rangi yenye zinki mara mbili.

Ikibidi kuchomelea kabisa, ondoa zinki kwa grenda kwanza, fanyia kazi mahali pa wazi, na fundi akae upande upepo unakotoka. Moshi wa zinki ni mweupe, na ukivutwa huleta homa na kutetemeka usiku wake.

Kuna fito moja ya chini ambayo tunaikubali ingawa inadai kuchomelewa: bomba la inchi moja linalounganisha miguu miwili kwa urefu wa sentimita 40 hivi kutoka ardhini. Ina faida kwa baiskeli ndogo za watoto, na asiyeona anayetumia fimbo ataigusa kabla hajaingia katikati ya chuma. Iweke kwenye vyuma vyote vya shule ya msingi. Mtaani iweke kwenye U ya kwanza na ya mwisho ya kila mstari, inatosha. Ifute kutu, ipake zinki, na iandike kwenye daftari la ukaguzi kwamba viungo hivyo ndivyo vya kutazamwa kwanza.

Chini ya kila mguu, sentimita 8 kutoka ncha, toboa tundu la milimita 14 na upitishe kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa sentimita 20. Kikishakamatwa na zege, chuma hakizunguki wala hakivutiki juu. Hakuna haja ya kukichomelea.

Nafasi kati ya vyuma

Vitabu vya nje vitakuambia mita 1 kati ya U na U. Kwa baiskeli tupu inatosha kwa shida: usukani wa kawaida una sentimita 60, na baiskeli mbili zinazokaa kati ya vyuma viwili hupishana mikono moja ikiangalia mbele na nyingine nyuma. Tanga baiskeli nyingi zina karia pana, kikapu au mzigo. Weka mita 1.2. Pakiwa na matenga na magunia ya mkaa, weka mita 1.5, na ukubali kuwa na vyuma vichache vinavyotumika badala ya vingi vinavyozibana.

Baiskeli ina urefu wa karibu mita 1.8, maana yake inatokeza sentimita 50 mbele na 50 nyuma ya U yenye sentimita 80. U ikiangalia ukuta, mguu wa karibu uwe sentimita 60 kutoka ukutani, au 70 pakiwa na baiskeli za mizigo. U ikiwa sambamba na ukuta, acha sentimita 70 ili mtu aweze kuingia na kuinama kufunga kufuli. Nyuma ya baiskeli panahitajika njia ya mita 2 ya kugeuzia. Jumla, kutoka ukutani hadi mwisho wa njia, ni kama mita 3.9.

Pakiwa pembamba, geuza vyuma kwa pembe ya nyuzi 45. Kina kinachochukuliwa na baiskeli kinashuka mpaka kama mita 1.4, lakini mstari unarefuka. Pakiwa pembamba zaidi ya hapo, laza U sambamba na barabara, moja nyuma ya nyingine, mita 2.5 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine.

Mwisho wa kila mstari acha nafasi moja kubwa ya mita 1.8 kwa ajili ya guta na baiskeli iliyopakia. Usipoiacha, guta litasimama njiani na kuziba vyuma vitatu.

Nafasi ya gari moja iliyo kando ya barabara, mita 5 kwa 2.5, inachukua U nne hadi tano, yaani baiskeli 8 hadi 10. Mwenye duka anayelalamika kwamba mnampunguzia maegesho ya wateja mwonyesheni hesabu hiyo.

Mahali

Simama mlangoni pa soko, zahanati au msikiti, tazama nje. Ukiona chuma bila kugeuza shingo, mahali ni pazuri. Mwizi wa baiskeli anaogopa macho kuliko kufuli, na macho ya bure yapo tele: mama lishe, muuza kahawa, fundi cherehani barazani, mlinzi wa lango. Mama lishe yule yule aliyekaa hapo miaka ndiye anayejua nani ni mwenye baiskeli gani. Chuma kikiwa nyuma ya jengo, karibu na jalala au vyoo, kitabaki tupu hata kiwe cha fedha.

Kivuli ni nusu ya kazi. Jua la kaskazi linakausha tairi na kupasua siti, na mtu hawezi kuweka mtoto kwenye karia iliyoungua. Mwarobaini na mkungu vinafaa sana. Mwembe unafaa pia, ila msimu wake embe zinaanguka na inzi kujaa. Chini ya mnazi usiweke kamwe, nazi moja inatosha kumuua mtu aliyeinama kufungua kufuli. Angalia na kunguru: mti wanaolala hujulikana kwa weupe wa sakafu yake, uache. Na popote chini ya mti chimba mita 1.5 kutoka kwenye shina au zaidi ili usikate mizizi mikubwa.

Njia ya waenda kwa miguu ibaki wazi mita 1.8 au zaidi, ikipimwa kutoka kwenye tairi ya baiskeli iliyoegeshwa. Kosa la kupima kutoka kwenye chuma limeharibu maegesho mengi mazuri: mchoro unasema mita 1.8, na siku ya siku kiti cha magurudumu hakipiti. Weka vyuma upande wa barabara, mguu ukiwa sentimita 60 kutoka ukingo vikiwa sambamba na barabara, ili mlango wa gari ufunguke. Usizibe mfuniko wa mtaro, milango, wala mahali ambapo watu huvukia.

Pembeni mwa njia panda za Ngamiani pana nafasi ambazo magari hujaa mpaka kwenye kona na kumziba dereva asiwaone wanaovuka. Baiskeli ni fupi na unaona juu yake. Vyuma mita chache kabla ya kona, bila kugusa kivuko, vinafanya kazi mbili kwa pamoja.

Mtaro wa wazi kati ya barabara na maegesho uwekewe kivuko cha zege chenye upana wa mita 1.5. Ukingo wa sentimita 15 usawazishwe kwa mteremko wa mita 1.8. Mwenye kilo 60 za mkaa hawezi kuinua baiskeli.

Ardhi ikiwa na mwinamo, panga baiskeli zikatize mwinamo huo, zisielekee chini, la sivyo zitajiviringisha zenyewe. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, maji yakimbilie mtaroni. Masika itakuonyesha kama ulidanganya.

Ruhusa, na vilivyo chini ya ardhi

Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Masoko, stendi na viwanja vya wazi, anza na halmashauri ya jiji. Pitia kwanza kwa mtendaji wa mtaa, mpelekee mchoro wenye vipimo na ile hesabu ya siku tatu. Barua yenye namba hujibiwa upesi kuliko barua yenye maombi matupu.

Kabla ya sululu kugusa ardhi, uliza mamlaka ya maji na TANESCO kama wana bomba au waya hapo. Sentimita 40 zinatosha kukutana na bomba la maji la nyumba. Chimba kwa mkono, taratibu.

Kabla ya kuchimba, chora

Hatua hii inarukwa na kila mtu, na ni ya bure. Chukua chokaa, chora kila U mahali pake kwa vipimo kamili. Azima baiskeli sita, mojawapo ikiwa na tenga au madumu, ziegeshe juu ya mistari huku watu wakizishika. Mtu mmoja aingie na kutoka na baiskeli yake kati ya mbili nyingine. Mwingine asukume mkokoteni au kiti cha magurudumu kupita pembeni. Fungua mlango wa gari lililosimama hapo. Iache mistari siku nzima, usikilize wapita njia wanasema nini. Kusogeza chokaa ni dakika 5, kusogeza zege ni siku 2 na nyundo.

Vifaa vya U 10

- Mabomba 5 ya GI ya inchi 1½, na kwa fito za chini mbili, kipande cha mita 1.6 cha bomba la inchi 1
- Nondo ya milimita 12, mita 4, ikatwe vipande 20
- Saruji mifuko 5 ya kilo 50
- Mchanga, theluthi moja ya mita ya ujazo
- Kokoto, theluthi mbili za mita ya ujazo
- Rangi yenye zinki lita 1, rangi ya lami lita 1, rangi ya juu lita 1
- Mbao na misumari ya kushikilia vyuma zege likikauka

Saruji haina shida, inatengenezwa hapo hapo Pongwe. Mchanga ndio wa kuangalia. Usichote pwani. Chumvi iliyomo inakula nondo na miguu ya bomba kutokea ndani ya zege, na huioni mpaka chuma kimeanza kucheza. Hata maji ya kuchanganyia, onja: yakiwa na ukakasi wa chumvi, kama ya visima vingi vilivyo karibu na bahari, tafuta ya bomba.

Kusimika

Chimba mashimo mawili kwa kila U, kila moja sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 40. Sentimita 10 za chini jaza kokoto tupu na uzishindilie, ncha ya bomba ikae juu yake, ili jasho linalojitengeneza ndani ya bomba liwe na pa kutokea.

Ile sehemu ya mguu itakayokuwa usawa wa ardhi, sentimita 10 juu na 10 chini, ipake rangi ya lami mara mbili siku moja kabla. Chuma cha pwani hukatikia hapo, kwenye mpaka wa zege na hewa, kwa kuwa unyevu hukaa na oksijeni ipo.

Simika U ya kwanza na ya mwisho, zinyooshe kwa pimamaji, funga kamba juu yake kutoka moja hadi nyingine, kisha zilizobaki zifuate kamba. Usipime kila moja kutoka kwenye jirani yake, makosa madogo hujumlishana, ukifika ya kumi umepotea nusu hatua. Pima zote kutoka ya kwanza.

Changanya zege kwa uwiano wa 1:2:4. Nusu mfuko wa saruji unataka mchanga ndoo 2 za lita 20 zisizojaa sana na kokoto ndoo 3 na nusu, na unatosha U moja. Maji yawe ya kulowesha tu, zege likikaa kwenye chepe bila kutiririka. Fundi hupenda kuongeza maji ili kazi iwe nyepesi, na zege hilo ndilo linalopasuka. Mwaga, chomachoma kwa nondo hewa itoke, rudia pimamaji.

Juu ya kila mguu tengeneza kilima kidogo kinachoinuka sentimita 2 kwenye bomba na kushuka pande zote. Maji ya mvua yasilale kwenye mguu hata kidogo.

Kaza mbao, zungushia utepe, mwagia maji asubuhi na jioni kwa siku 7 na ufunike kwa magunia. Baiskeli ya kwanza isifungwe kabla ya siku hizo 7. Weka mtu wa kuangalia, kwa sababu watu watajaribu siku ya pili, na hiyo ni dalili njema.

Pakiwa tayari na sakafu ya zege, mtu atapendekeza kufunga kwa boliti. Inawezekana kama sakafu ina unene wa sentimita 10 na zaidi: bamba la sentimita 15 kwa 15, boliti 4 za milimita 12, na nati zichomelewe zikishakazwa. Hata hivyo tunapendelea kutoboa sakafu na kuchimbia. Boliti inafunguliwa usiku mmoja, na vyuma chakavu vina soko.

Kwa sababu hiyo hiyo, kabla ya kusimika, geuza U miguu juu na ujaze kila mguu mota ya saruji na mchanga kuanzia usawa wa ardhi hadi sentimita 40 juu, ukiwa umezuia kwa gunia lililosokotwa isimwagikie kona. Msumeno utachoka, na bomba lililojaa mota halitamaniki kwenye mizani. Mota ikishajaa, ile njia ya jasho chini inahusu kipande cha ardhini tu, inatosha.

Pikipiki, mitumba na usiku

Bodaboda wataona kivuli na kuingia. Kuwafukuza kila siku ni vita isiyokwisha. Wapangie nafasi yao pembeni kwa mstari wa rangi, na kwenye mdomo wa maegesho ya baiskeli chimbia nguzo fupi zenye nafasi ya sentimita 75 kati yake. Baiskeli inapita, pikipiki yenye usukani mpana inapita kwa taabu. Mwisho wenye guta weka nguzo moja ya kuchomoa, ufunguo akae nao msimamizi.

Wauza mitumba watatundika nguo kwenye U tupu. Hii hutokea vyuma vikiwa vingi kuliko baiskeli au vikiwa mahali pabaya. Rudi kwenye nukta za mchoro wako.

Usiku, pawe na taa ya barabarani ndani ya mita 10 hivi. Zungushia U za mwisho utepe unaong'aa, upana wa kiganja, ili mpita njia na dereva wazione. Paka rangi ya njano au nyeupe. Nyeusi ni nzuri mchana tu.

Paa ni la wanaoshinda kutwa. Urefu wa chini mita 2.2, mabati yatokeze nusu mita kupita baiskeli upande wa kusi, maana mvua ya hapo huja kwa ubavu. Kwa soko na maduka, mti unatosha.

Baada ya kufungua

Mwezi wa kwanza hesabu tena kwa saa zile zile. Chuma ambacho hakikupata baiskeli hata moja kwa siku tatu kina sababu: pengine maji yanatuama, pengine meza ya mtu imesogea, pengine kiko upande wa jua. Tafuta sababu kabla ya kulaumu watu.

Kila miezi mitatu sukuma kila U kwa uzito wako wote. Ikicheza, zege limepasuka au halikushindiliwa: ichimbue mapema. Kwaruza kwa msasa palipoanza wekundu, paka zinki, kisha rangi. Kwenye masoko ya samaki osha miguu ya vyuma kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni sakafu inapooshwa.

Baiskeli iliyotelekezwa, tairi bapa na cheni nyekundu kwa kutu, ifungiwe karatasi yenye tarehe, ndani ya mfuko wa nailoni. Baada ya siku 14 mtendaji wa mtaa aiondoe mbele ya mashahidi wawili na kuiandika kwenye daftari, ikiwa na rangi, aina na namba iliyogongwa kwenye fremu, na ihifadhiwe ofisini. Mwenyewe huja wakati mwingine, akitokea hospitali ya Bombo alikokuwa amelazwa, na baiskeli yake iwepo.